Mbwa Mwitu wa Gampfall

8 Juni

Leo mifugo imepanda Gampfall. Nimetoroka ofisini nusu siku, nikavaa viatu vya matope na kwenda kumsaidia kaka Gebhard kuswaga kondoo hadi malisho ya juu, ambako atakaa nao mpaka Septemba. Mpiga picha wa gazeti alikuwa ametutangulia. Waziri wa Mazingira wa jimbo, tena wa Chama cha Kijani, akitembea nyuma ya kondoo: picha ya namna hiyo haikosi nafasi.

"Hiyo ni fimbo, Mheshimiwa, si maikrofoni!" kaka alinipigia kelele mbele ya kijiji kizima. "Ishushe. Kondoo hawana maswali."

Watu wakaangua kicheko, na mimi pia. Gebhard ana miaka sitini na mmoja, ni mgane, na kondoo wake anawasemesha kwa upole ambao sisi binadamu hatuupati. Yeye chama changu hakipendi hata kidogo. Anasema kijani ni rangi ya nyasi, basi, habari imeishia hapo. Lakini tulipofika juu alinikatia jibini la mwaka jana, kipande kikubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote, akanikabidhi bila kunitazama.

Severin, mume wangu, ndiye aliyeniambia nianze tena kuandika. Anasema nikiandika huwa nalala, na nisipoandika naendesha vikao usingizini.

12 Juni

Bajeti. Mvua. Chakula cha mchana nimekula ndani ya gari, mkate na soseji, na sasa gari lote linanuka soseji.

19 Juni

Mbwa mwitu ameingia malisho ya jirani, upande wa pili wa mlima wa kaka. Kondoo watano wamekufa. Kamera ya idara yangu iliyofungwa njiani imempiga picha: dume, yuko peke yake, anachechemea mguu mmoja wa nyuma.

Simu zilianza kabla sijanywa kahawa. Wa kwanza alikuwa Gavana, ambaye ni wa chama cha wahafidhina na ndiye tunayeshirikiana naye katika serikali ya mseto.

"Burgi, mimi sikusukumi," alisema. Akisema hivyo najua keshaanza kusukuma. "Lakini watu wa milimani wanataka kusikia bunduki."

Wa pili alikuwa Mechthild. "Mwenzangu, usithubutu," akasema, akakata simu.

Mechthild alikuwa mwalimu wa baiolojia, sasa amestaafu. Chama katika bonde hili tulikianzisha mimi na yeye, wakati barabara kuu ilipotaka kupita katikati ya bustani zetu za matufaha. Tulikuwa wanawake saba katika chumba cha nyuma cha mkahawa, na mwenye mkahawa alidhani tumekuja kufuma soksi. Mimi wakati huo nilikuwa daktari wa mifugo, nanuka maziwa na dawa. Barabara haikupita. Nikawa diwani, halafu mbunge wa jimbo, halafu nikapewa kiti hiki. Mechthild hajawahi kutaka cheo chochote. Anachotaka ni mimi nisisahau.

27 Juni

Mkutano na wafugaji, ukumbi wa zimamoto, Sankt Loren. Watu walijaa hadi nje, harufu ya makoti yaliyolowa na bia.

"Mheshimiwa, kama unampenda hivyo, mchukue ukamfuge sebuleni kwako!" mmoja alipaza sauti.

"Mume wake ni mwalimu wa muziki, amfundishe kuimba!" akadakia mwingine.

Niliwaacha wacheke. Kisha nikawaeleza sheria, ambayo niliiandika mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita: kondoo walioachwa wazi mlimani, mbwa mwitu halaumiwi. Lakini akiingia ndani ya uzio wa umeme uliosimama sawasawa, waziri anaweza kutoa amri apigwe risasi. Fedha za uzio zipo. Mbona hakuna aliyeziomba?

Ndipo kaka yangu akasimama, kofia mkononi. Sikujua kama yumo ukumbini.

"Gampfall ni mawe matupu," alisema. "Huo uzio tutausimika wapi, hewani?"

"Kwenye mawe."

"Na nani atausimika?"

"Mimi."

Kaka akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikisema naweza kuogelea.

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe, kaka."

"Haya. Na akiruka?"

Ningeweza kusema tutaunda kamati. Ningeweza kusema tutasubiri wataalamu. Nilikuwa nimechoka kuwaambia watu hao hao maneno hayo hayo.

"Akiruka uzio tuliousimika wenyewe, ukiwa umesimama na una umeme, nitatia saini. Nimesema mbele ya watu wote hawa."

Kwenye gari, tulipofika darajani, Severin alinigeukia. "Umejifunga, mke wangu," akasema.

"Najua."

"Angalau ungeacha fundo moja linalofunguka."

29 Juni

Mechthild amenigombeza kwa simu muda mrefu hadi sikio likapata joto. Nani kanipa ruhusa kumweka rehani mnyama asiyejua kwamba amewekwa rehani? Nilisikiliza. Mwisho akapumua.

"Mnapanda lini?"

"Ijumaa."

"Nakuja. Nataka uzio huo uwe wa kumfanya hata sungura aombe ruhusa."

9 Julai

Nimerudi. Nimechukua likizo ya wiki moja tu, na mikono yangu haifai kupewa mtu.

Kaka alikuwa sahihi, Gampfall ni mawe. Kila nguzo tulilazimika kuitafutia ufa, kuipigilia, kuing'oa, kuitafutia ufa mwingine. Mechthild alikuja na kitabu cha maelekezo kutoka idara yangu na kukisoma kwa sauti. Gebhard alivumilia ukurasa mmoja.

"Mwalimu," akasema, "hicho kitabu kilimwona mwandishi wake milimani lini?"

"Kinasema sentimita tisini kwenda juu."

"Mbwa mwitu kasoma hicho kitabu?"

"Wewe hujakisoma, ndiyo maana nyavu yako inaning'inia kama soksi ya babu."

Alirudi kuitazama. Ilikuwa inaning'inia kweli. Aliivuta ikanyooka. Siku ya pili walibishana kuhusu mbwa mwitu kuanzia mlo wa asubuhi hadi jioni. Kaka alisema mnyama huyo hana kazi hapa. Mechthild alimuuliza, basi kulungu wanaokula miche ya misonobari wana kazi gani. Siku ya tatu wakawa wanabishana kuhusu chumvi katika riebel, ule unga wa mahindi tunaoukaanga kwa siagi asubuhi. Siku ya nne niliingia kibandani nikawakuta wanacheza karata, na kaka anacheka. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka vile, ila najua ilikuwa kabla ya maziko ya mkewe.

Jana tuliwasha umeme. Mechthild alizunguka uzio mzima na kipimo, nguzo hadi nguzo, huku kaka akimfuata nyuma akijifanya anaangalia mawingu.

16 Julai

Mvua. Ukungu. Kamera haijaona kitu.

23 Julai

Mvua. Wabunge wa chama wananipongeza kwa "mfano wa Gampfall". Malisho kumi na moja yameomba fedha za uzio. Kijana Lothar, mwenyekiti wetu wa jimbo, anataka picha yangu na nyundo iwe bango la uchaguzi wa Machi. Nilimwambia nywele zangu zilikuwa chafu. Akasema ndiyo uzuri wake.

31 Julai

Mechthild hupanda Gampfall kila mwisho wa wiki kukagua betri inayotia uzio umeme. Severin, ambaye haoni hata nikikata nywele, amesema leo mezani: "Betri hiyo inakaguliwa na mtu aliyenunua blauzi mpya."

Nimemwambia aache uchokozi. Kisha nimecheka hadi supu ikapoa.

8 Agosti



Gebhard alinipigia alfajiri. Hakusema Mheshimiwa. Alisema, "Burgi, njoo na mfuko wako wa dawa." Nilijua.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kengele nilizisikia kabla ya kuona kondoo hata mmoja. Zilikuwa chache. Ndani ya uzio walilala tisa, wengine wameguswa koo tu, kana kwamba wamesinzia vibaya. Watatu walikuwa hai na majeraha. Kaka alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizolowa, amempakata jike mmoja mzee, ameshikilia ubavu wake kwa koti lake mwenyewe.

"Huyu atapona," aliniambia. "Mtazame macho."

Nilimtazama macho, kisha nikaondoa koti. Miaka minane sijafanya kazi hii, lakini mikono haisahau. Wawili niliwashona. Yule jike haikuwezekana.

"Kaka."

"Mshone tu."

"Kaka, hakuna cha kushona."

Alimshika kichwa wakati nikimchoma sindano. Alimsemesha mpaka mwisho, maneno yale yale ya kuitia kondoo jioni. Alipomaliza hakuinuka. Niliketi karibu naye, bega kwa bega, na kwa muda sikuwa waziri wa kitu chochote.

Mechthild alikuwapo. Alipanda jana jioni, akalala darini juu ya majani makavu kama kawaida yake. Alikuwa ameegemea mlango wa kibanda, uso mweupe. Kabla ya giza alikuwa amezunguka uzio wote na kipimo wakati Gebhard akimkamua ng'ombe wake mmoja wa kibandani. Asubuhi nyavu zilikuwa bado zimesimama, zimenyooka, hakuna nguzo iliyolala. Juu ya nyavu ya upande wa bonde tuliona manyoya ya kijivu. Kamera ikathibitisha: ni yule yule anayechechemea.

Alikuwa ameruka, hakuna njia nyingine ya kulisema.

Wakati wa kuteremka Gebhard alinisindikiza hadi kwenye lango. Nilingoja anikumbushe ahadi yangu. Hakunikumbusha. Aliniuliza kama nimekula.

10 Agosti

Kamati tendaji ya chama, mjini, madirisha wazi kwa joto. Lothar alikuwa amejiandaa. Ana miaka thelathini na mbili, ana akili, na hana ubaya. Naandika hivi kwa sababu jioni hii ninatamani kumwandika vingine.

"Amri hiyo ikitoka, tumekwisha," alisema. "Vijana wetu hawatatupigia kura. Lakini njia ipo. Betri hushuka nguvu kwenye ukungu, kila mtu anajua. Kama uzio haukuwa na umeme wa kutosha, haukuwa uzio kwa maana ya sheria. Burgi hatalazimika kufanya lolote, na hatakuwa amevunja ahadi." Akamgeukia Mechthild. "Wewe ndiye pekee uliyepima. Inawezekana ulisoma vibaya? Giza lilikuwa linaingia."

Watu wote walimtazama. Nilijua anavyompenda mnyama yule. Picha ya kamera ameibandika kwenye jokofu lake, kama watu wengine wanavyobandika picha ya mjukuu. Lilikuwa neno dogo tu, "inawezekana", na lisingemdhuru mtu.

"Umeme ulikuwepo," Mechthild alisema. "Pande zote."

"Una hakika? Unajua maana yake?"

"Kijana wangu, maana yake naijua kuliko wewe." Sauti yake ilipasuka, akaikusanya. "Uzio ulikuwa umesimama. Siwezi kwenda kumwambia yule mtu kwamba uzio wake ulikuwa umelala. Ameupigilia kwa mikono yake."

Kisha akanigeukia mimi. "Lakini sheria inasema waziri anaweza. Haisemi lazima. Wewe mwenyewe uliliandika hilo neno. Nakuomba, Burgi. Usitie saini."

Hajawahi kuniomba kitu. Nilitazama meza.

12 Agosti

Nimetia saini.

Nilitaka kuandika sababu, nimekaa hapa na kalamu muda mrefu, na zote ni za kweli na hakuna inayotosha. Wenye malisho kumi na moja wameweka uzio kwa sababu waliniamini. Nikipindisha neno langu safari hii, mwakani hawataweka, wataweka sumu, na sumu haichagui anayechechemea. Hilo ndilo nililomwambia Mechthild mlangoni kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Inawezekana uko sahihi," alisema. "Sitaki kukuona kwa sasa." Akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

15 Agosti

Simu ya ofisi imezimwa. Mtu ameacha mlangoni kwetu mbwa mwitu wa kitambaa aliyepakwa rangi nyekundu. Severin amemfua kwenye beseni, amemwanika kwenye kamba kwa masikio, kisha amemweka juu ya piano. "Yeye hana kosa," amesema.

20 Agosti

Mwindaji wa serikali amempata alfajiri, juu kidogo ya Gampfall. Nilikuwa nimeagiza asiguswe kabla sijafika. Kama ni mimi niliyetoa amri, basi ni mimi nitakayemkagua.

Alikuwa amelala kwenye mawe kana kwamba anasikiliza kitu. Nilipiga magoti. Mguu wa nyuma ulivunjika zamani, mfupa ukajiunga kombo. Mbavu zilihesabika. Mnyama asiyeweza tena kumkimbiza kulungu atakwenda kwa kondoo, atafanya nini? Uzio wetu hakuuruka kwa ujanja. Aliuruka kwa njaa, na kwa mguu ule sijui alimudu vipi.

Gebhard alikuja akasimama nyuma yangu. Alivua kofia.

"Nilidhani ni mkubwa zaidi," alisema.

"Ukungu humkuza."

"Mwalimu ameambiwa?"

"Nimempigia. Hakupokea."

Kaka alitazama upande wa bonde. Nilifikiri atasema afadhali imekwisha, maana tangu Juni hakutaka kingine. Alisema, "Mguu huo ulimuuma?"

"Kila siku."

Aliinama akasaidia kumbeba. Sikumwomba.

1 Septemba

Baridi. Gebhard amepiga simu kuuliza bei ya chumvi ya mifugo, ambayo anaijua kuliko mimi. Kisha: "Yule mwalimu hajambo?"

"Sijui, kaka. Hasemi na mimi."

"Wala na mimi." Akaendelea: "Ameacha sweta lake darini. Linaanza kunuka kondoo."

"Mpelekee."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie umeleta sweta."

"Mh," akasema, kama mtu aliyepewa hesabu ngumu.

14 Septemba

Mifugo imeshuka. Hatuwavishi maua mwaka ambao mlima umechukua wanyama, kwa hiyo walishuka bila taji, kengele tu, na watu walisimama kando ya barabara kimya kuliko kawaida. Baadhi ya wafugaji walinipa mkono. Mmoja, yule aliyeniambia nimfuge mbwa mwitu sebuleni, alinishika mkono kwa mikono miwili.

Kwenye daraja la chini Mechthild alikuwa amesimama na koti la mvua. Alinitazama, akainamisha kichwa kidogo, salamu ya jirani, si ya rafiki. Kondoo mmoja alitaka kuchomoka kuelekea mtoni. Alimzuia kwa mwavuli na kuingia kwenye kundi upande wa kushoto, akatembea nasi hadi zizini. Mimi nilikuwa upande wa kulia. Kondoo wote walikuwa kati yetu.

Zizini Gebhard alimletea sweta. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa vibaya kabisa.

"Nimelifua," alisema.

"Naona. Limekuwa la mtoto."

"Maji yalikuwa ya moto."

Mechthild alilipima kifuani. Mikono ilimfika kwenye viwiko. Alianza kucheka, kisha hakuwa anacheka, na kaka, ambaye hajui kumshika mtu asiye na manyoya, aliweka kiganja chake mgongoni kwake na kukiacha hapo. Niliondoka kwenda kuhesabu kondoo ambao walikwisha kuhesabiwa.

28 Septemba

Mkutano mkuu wa chama. Orodha ya wagombea wa Machi.

Nilizungumza kwanza. Sikuomba radhi na sikujisifu. Niliwaeleza nilichokiona kwenye mawe, mguu uliojiunga kombo na kondoo kumi waliokufa, na kwamba serikali ni mahali ambapo mtu huyapokea yote mawili kwa mikono ile ile. Walipiga makofi ya adabu. Lothar akapendekezwa kuchukua nafasi yangu ya juu kwenye orodha. Halafu Mechthild akaomba kusema.

"Burgi alitimiza alichoahidi," alisema. "Uzio ulikuwa na umeme, niliupima mimi. Atakayesema amri ile ilitolewa kwa hila, ananiita mimi mwongo." Aligeuka akanitafuta hadi akanipata. "Lakini mimi ningemwacha aishi. Kwa hiyo leo sitampigia kura, na nataka alisikie kwangu, si kwa mwingine."

Nilishindwa. Si kwa kura nyingi. Nafasi niliyopewa ni ya chini kabisa, ya watu wanaowekwa kujaza karatasi. Niliinuka nikasema asante, naacha nafasi hiyo kwa kijana mwingine. Lothar alikuja kunikumbatia na alikuwa analia, kweli. Nilimwambia ajifunze kupigilia nguzo.

Nilipofika mlangoni nikasikia harufu ya zizi. Gebhard alikuwa amesimama kwenye ukuta wa nyuma kabisa, koti la kanisani, kofia mkononi, katikati ya vijana wenye bendera za kijani.

"Wewe! Umeingiaje?"

"Kwa mlango. Waliniuliza kama ni mjumbe. Nikasema mimi ni kaka."

Severin alikuwa na wanafunzi wake katika mji mwingine, kwa hiyo Mechthild ndiye aliyetupeleka nyumbani. Hakuna aliyeuliza kama inafaa. Nilikaa mbele, kaka nyuma, magoti yakigusa kidevu. Tulipita vijiji viwili.

"Bado unanichukia?" nilimuuliza Mechthild.

"Sijawahi. Nilikuwa na huzuni, na wewe ulikuwa umesimama karibu nayo." Alibadilisha gia. "Nilikukosa. Inachosha."

"Na mimi nilikukosa."

Huko nyuma Gebhard alikohoa. "Hiki chama chenu ni cha ajabu," alisema. "Maisha yangu yote sijawahi kukipigia kura. Hata Burgi alipogombea mara ya kwanza, mke wangu alipiga, mimi sikupiga. Machi ijayo nilikuwa nimeshaamua. Nimejizoeza hata jina la hicho chama. Sasa mmemtoa."

Mechthild alilazimika kusimamisha gari kando ya barabara. Tulicheka hadi madirisha yakapata mvuke, na mahali fulani katikati ya kicheko nililia, na mkono wa kaka ukaja kutoka nyuma na leso yenye majani makavu ndani yake.

29 Septemba

Nimeingia kazini kama kawaida. Bado nina miezi sita. Nimeita idara na kuwaambia nataka mbwa walinzi kwa kila malisho yaliyowekwa uzio, pamoja na mtu wa kuwafunza, na nataka sheria hiyo ipite kabla ya Machi. Gavana amepiga simu saa hiyo hiyo.

"Burgi, huna tena cha kupoteza. Hilo linaniogopesha."

"Mimi linanipumzisha."

Amekubali nusu. Nusu ya pili nitaipata wiki ijayo.

Jioni Mechthild ametupeleka kwa mfugaji wa ng'ambo ya mpaka kuona watoto wa mbwa, weupe, miguu minene kama mikate. Majira ya joto yajayo yeye mwenyewe atakuwa Gampfall mwanzo hadi mwisho. Ameniambia hivyo huku akitazama pembeni, akidai kwamba wanyama hao wanahitaji mtu wa kuwafundisha. Gebhard alichuchumaa kwenye majani. Mbwa mmoja akampanda mapajani na kulala hapo hapo. Alikaa muda mrefu bila kusogea, kisha akauliza, kama mtu asiye na haja kubwa ya jibu, iwapo mbwa wa namna hii wanaruhusiwa kulala ndani.

Mechthild amesema hapana kabisa, mahali pao ni kwa kondoo.

Kaka amesema tutaona.